Kabla ya Kuigusa Programu ya TV: Nia Njema Haiondoi Dhamana



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu wazazi na wanafunzi, leo naweka kando kidogo masomo ya tohara na swala, nizungumzie jambo ambalo baadhi yenu mtauliza ustadhi anaingiaje humo: vijana wetu kufumua na kubadilisha programu iliyomo ndani ya televisheni za kisasa.

Mafundi wa hapa Bujumbura wanaiita softwea ya TV. Jina lake kamili ni famweya. Ni ile programu ambayo televisheni huzaliwa nayo, imehifadhiwa katika chipu ya kumbukumbu kwenye bodi, na ndiyo inayoiamsha TV, inayowasha kioo, inayosikiliza rimoti na kufungua intaneti. TV bila famweya ni boksi lenye taa nyekundu tu.

Naandika kwa sababu yametukuta sisi wenyewe, na maneno yaliyofuata yalikaribia kututenganisha.

Yaliyotokea

Madrasa yetu ina televisheni iliyonunuliwa kwa michango ya wazazi. Wako waliotoa elfu ishirini, na wako akina mama waliotoa faranga elfu mbili mbili walizozipata kwa kuuza maandazi. Tunaitumia kwa masomo ya tajwidi na kwa darsa la wanawake siku ya Jumapili. TV hiyo, kama nyingi zinazoshuka kutoka Dubai kupitia bandari ya Dar es Salaam, ilikuja na ukurasa wa mwanzo uliojaa matangazo, na mengine yalikuwa na picha zisizofaa kuonekana mahali panaposomwa Qur'ani.

Mmoja wa wanafunzi wangu wakubwa, kijana mwenye adabu na akili ya kompyuta, alichukizwa na hali hiyo. Aliniambia, "Ustadh, naweza kuyaondoa." Nami nilikuwa nasahihisha mbao za watoto, nikamjibu bila kuinua kichwa, "Haya, iangalie."

Alipakua faili la famweya lenye jina la modeli yetu, akalifumua kwenye laptopu, akatoa programu za matangazo, akalifunga tena, akaliweka kwenye flashi na kuichomeka kwenye TV. Mstari wa maendeleo ulikwenda mpaka mwisho. TV ikazima ili iwake upya, na haikuwaka. Taa nyekundu ikawa inapepesa tu.

Alikuja kunieleza siku hiyo hiyo kabla ya Magharibi, huku akilia. Kamati ilipokutana, mzee mmoja alisema kijana atolewe madrasa, na mambo ya kompyuta yapigwe marufuku kabisa kwani ni fitna. Mwingine akasema hiyo ni kadari ya Allah, kijana alikusudia kheri, yaishe. Sikukubaliana na kauli zote mbili, na nitaeleza kwa nini.

Si haramu kufungua ili ujue

Kwanza niseme na wale wanaotaka kupiga marufuku. Hivi vyombo havikai kimya majumbani mwetu. Mwaka 2017, serikali ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya Vizio baada ya kuonekana kuwa televisheni zake milioni 11 zilikuwa zikikusanya habari za kile watu wanachokitazama, sekunde kwa sekunde, bila idhini yao. Kampuni ililipa dola milioni 2.2. Na mwezi Juni 2025, shirika la upelelezi la FBI lilitoa onyo kuhusu programu mbovu iitwayo BADBOX 2.0, iliyokutwa kwenye vifaa vya bei rahisi vya kuunganisha TV na intaneti. Vingine viliambukizwa kabla hata mnunuzi hajavitoa kwenye boksi, na watafiti walihesabu vifaa zaidi ya milioni moja.

Ndugu zangu, Suratul Hujurat, katika aya ya 12, inatukataza kupelelezana. Kama sisi tumekatazwa kumchungulia jirani, je, tufurahi kuwa na mgeni sebuleni anayeandika kila tunachotazama na wala hatujui jinsi ya kumfungua tukamwona? Umma unahitaji vijana wanaoweza kulifumua faili na kusoma kilichomo. Hii ni elimu, na ni katika zile elimu ambazo wachache wakizijua huwatosheleza wengine.

Wala kufumua peke yake si wizi. Televisheni nyingi za kisasa zinaendeshwa na Linux, mfumo ambao leseni yake humpa mwenye chombo haki ya kupata maandiko ya programu hiyo na kuyabadilisha. Mwezi Oktoba 2021 taasisi ya Software Freedom Conservancy ilikwenda mahakamani California kuidai Vizio haki hiyo hiyo. Lakini haki hiyo ina mpaka. Ndani ya faili moja zimo pia programu za kampuni ambazo si ruhusa kuzisambaza. Na anayebadilisha famweya ili afungue chaneli za kulipia bila kulipa, huyo anakula mali ya watu kwa batili, hata akisema anatazama mawaidha.

Nia njema haiondoi dhamana

Sasa niseme na wale waliosema yaishe. Mafaqihi wamezungumza juu ya mtu anayejitia kutibu watu na hali hajulikani kuwa ana elimu ya utabibu. Msingi wao ni hadithi aliyoipokea Abu Daud na wengineo: mtu huyo akidhuru, analipa. Nia yake njema ni baina yake na Mola wake, ama kilichoharibika kinabaki shingoni mwake. Nami naona fundi wa TV anaingia katika hukumu ya namna hiyo. Nia huangaliwa katika thawabu na dhambi, lakini mama aliyetoa faranga elfu mbili za maandazi yake hajarudishiwa TV kwa nia ya mtu.

Na hapa sina budi kujitaja. Mimi ndiye niliyesema "Haya, iangalie". Idhini yangu haikuwa idhini. Sikuuliza atafanya nini, wala TV haikuwa yangu hata niitolee ruhusa kwa neno moja. Ilikuwa amana. Kwa hiyo katika gharama za ukarabati nililipa nusu, na kijana alilipa nusu yake kwa kumsaidia fundi kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Kamati iliridhia, alhamdulillah.

Na huko kwa fundi ndiko tulikojua kilichotokea. Bodi yetu ilikuwa ya aina inayotumia chipu ya MStar. Faili la famweya la aina hii huanza na sehemu ya kilobaiti 16 ambayo ni maandishi ya kawaida kabisa, ukilifungua unayasoma. Ni amri zinazoiambia TV: chukua kipande hiki, kiandike mahali pale, futa sehemu hii, andika ile. Baada ya hapo ndipo vinafuata vipande vyenyewe, na mwishoni kuna namba ya ukaguzi ambayo TV huitumia kuhakikisha faili halikuharibika njiani. Katika zile amri za mwanzo ilikuwemo amri ya kuandika upya hata kile kipande cha kwanza kinachoiamsha TV. Na faili lenyewe lilikuwa la bodi nyingine, japo jina la modeli lilikuwa lile lile. Kijana alifumua, akatoa matangazo, akafunga, lakini zile amri hakuzisoma. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake kwa maandishi yanayosomeka.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Hakuwa na nakala ya famweya ya asili. Ilibidi fundi atafute TV yenye bodi ile ile na kioo kile kile, akaipata kwa jirani yetu mmoja wa hapa Buyenzi, Allah amlipe kheri, aliyekubali TV yake ifunguliwe ili chipu isomwe. TV yetu ikafufuka. Lakini ilirudi ikiwa na anwani ya mtandao ya TV ya jirani, kwa sababu katika televisheni nyingi za aina hii anwani hiyo na funguo nyingine za chombo huhifadhiwa humo humo kwenye kumbukumbu. Zikiwekwa TV zote mbili kwenye Wi-Fi moja, zinagombana. Kilichokuwa chetu hasa hatukukipata tena.

Nakala kwanza

Baada ya vita vya Yamama, walipouawa mahufadhi wengi, Sayyidna Umar (r.a.) alimshauri Khalifa Abu Bakr (r.a.) Qur'ani ikusanywe mahali pamoja, na kazi hiyo akapewa Zayd bin Thabit (r.a.). Hawakungoja mpaka kipotee kitu. Simfananishi, hasha, neno la Allah na faili la televisheni. Nachukua adabu tu: chenye thamani hukihifadhi kabla ya hatari, na hukihifadhi kwa uhakika.

Basi nilikaa na kijana pamoja na fundi, tukaandika masharti ambayo sasa yamebandikwa kwenye kabati la madrasa. Nayaleta hapa kwa faida ya wengine.

1. Jiulize kama kuna haja. Mengi tunayoyataka hayahitaji kugusa famweya. Kukusanywa kwa habari za unachotazama mara nyingi huzimwa kwenye mipangilio ya TV yenyewe. Kwenye TV za Android, programu nyingi zilizokuja nayo zinaweza kulemazwa bila kufutwa, na zikileta shida unazirudisha. Picha chafu unaweza kuzipunguza kwenye ruta kwa kuweka DNS ya familia, kama 1.1.1.3 ya Cloudflare iliyoanza mwaka 2020, inayozuia tovuti za uchafu na za programu mbovu. Haya yote yanaweza kutenguliwa. Lau tungeanza hapa, TV yetu isingekufa.

2. Chombo kiwe chako, au mwenyewe awe amekubali akijua. Mwambie waziwazi: nataka kubadilisha kitu fulani, na inaweza kufa. Akikubali baada ya kusikia neno hilo, hiyo ndiyo idhini.

3. Ijue bodi, usitegemee jina la modeli. Modeli moja inaweza kutoka kiwandani na bodi tofauti na vioo tofauti. Namba ya bodi imechapwa kwenye bodi yenyewe, na namba ya kioo ipo kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa kioo. Bodi ikiwa sawa na kioo kikawa tofauti, picha inaweza kutoka juu chini, au rangi zikageuka, au isitoke kabisa.

4. Chukua nakala kamili ya kumbukumbu ya asili kabla ya lolote. Isome mara mbili, kisha linganisha namba za ukaguzi za nakala hizo, kama SHA-256. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, usomaji una kasoro, rudia. Weka nakala sehemu mbili. Anayetumia kisomeo cha chipu cha bei rahisi, kama CH341A, apime kwanza volti zake, maana baadhi yake hupeleka volti 5 kwenye chipu inayotaka 3.3, na zipo chipu zinazotaka 1.8 tu.

5. Lijue faili limetoka wapi. Katika elimu ya hadithi hatupokei kwa mtu asiyejulikana. Iweje tupokee kwa mtu asiyejulikana programu itakayokaa na watoto wetu sebuleni? Bora zaidi ya faili lolote la kupakua ni ile nakala uliyoitoa kwenye TV yako mwenyewe.

6. Fumua nakala, usifumue asili. Soma amri za mwanzo zote. Ukiona amri inayogusa kipande cha kuamsha TV, simama. Usiguse kipande hicho, wala ukubwa wa sehemu, wala mipangilio ya kioo. Ukifungua mfumo wa mafaili na kuufunga tena, hakikisha umiliki na ruhusa za kila faili zimebaki kama zilivyokuwa, aina ya ubanaji ni ile ile, na matokeo hayazidi nafasi iliyotengwa. Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende cha pili.

7. Ukikuta faili limefungwa kwa siri au lina saini ya kampuni, liache. TV za miaka ya karibuni nyingi hukagua saini hiyo kila zinapowaka. Ukilazimisha, chombo kitakataa kuamka.

8. Jifunzie kwenye mzoga. Kwa mafundi zimejaa TV zilizovunjika vioo na bodi zao bado ni nzima. Kijana anunue moja kwa bei ndogo, aiue na kuifufua mara kumi akitaka, ndipo aje kwenye TV ya nyumbani.

9. Umeme. Usiandike famweya wakati wa mgao. Sote tunajua umeme wetu unavyokwenda na kurudi, na dakika moja ya giza katikati ya kuandika inatosha kuua bodi. Tumia betri yenye inveta au ungoje. Na kabla ya kufungua mgongo wa TV, chomoa waya na uiache ikae. Kwenye sehemu ya umeme kuna kapasita inayobeba zaidi ya volti 300, na huweza kubaki nazo baada ya kuchomoa. Mtoto asifungue peke yake. TV inanunuliwa tena, mtoto hanunuliwi.

Neno kwa wazazi

Najua baadhi yenu mtasema masharti tisa ni mengi, bora tuwakataze. Nami nasema ukimkataza atafanya usiku kwa shangazi yake, bila nakala na bila fundi. Ukimwachia huru atafanya mchana sebuleni kwako, vile vile bila nakala. Mmewapa simu na kompyuta, basi wapeni na adabu ya kuzitumia. Mtoto akikwambia, "Baba, naweza kutengeneza hii," usimjibu kama nilivyojibu mimi. Inua kichwa, muulize, "Utaanzia wapi? Nakala iko wapi? Ikifa tutairudishaje?" Akiwa na majibu, msaidie. Akiwa hana, umemwokoa yeye na mali yako.

Neno kwa wanafunzi

Wanangu, yule mwenzenu alikosa kwa kukurupuka, lakini alifanya jambo moja ambalo watu wazima wengi hulishindwa: alikuja kusema kabla hajaulizwa. Angeweza kuiacha TV pale, asubuhi tukaikuta imekufa, tukalaumu umeme. Nasi tungeuamini uongo huo, maana umeme wetu hauna wakili. Kwa ukweli ule nilisimama upande wake mbele ya kamati, na leo akitaka kufungua chombo chochote cha madrasa mimi mwenyewe namkabidhi ufunguo wa kabati, kwa sharti anionyeshe nakala kwanza.

Matangazo kwenye TV yetu yameondoka. Hakuyaondoa kwa kufumua famweya, aliyazima kwenye mipangilio na kwenye ruta, kazi ya nusu saa. Jumapili akina mama walisoma Suratul Mulk bila kupitia ile picha iliyomchukiza. Na ile famweya ya asili iliyopotea haitarudi. Kila ninapoiwasha TV naona jina la kifaa cha jirani yetu juu ya kioo, nami nimeomba lisibadilishwe, libaki kutukumbusha.

Tunamuomba Allah atuongoze katika elimu yenye manufaa, atusaidie kutunza amana, na awahifadhi watoto wetu na vyombo vyao. Palipo na sawa ni kwa taufiki ya Allah, na palipo na kosa ni kwangu mimi.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.